Kupe wa Biskuti

Msichana anayeposwa hukaa ndani. Hukaa jikoni na mama yake, hupika chai, husikiliza kwa sikio moja yanayosemwa sebuleni, na akiitwa hutoka na sinia huku anaangalia vidole vya miguu yake mwenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokusudia kufanya Jumamosi ile ya mwaka sabini na nne. Badala yake, saa nne asubuhi watu wa Kiomboi waliniona nakimbia katikati ya barabara, peku, pindo la gauni jipya nimelikamata kwa mikono miwili, nakwenda kwa fundi baiskeli kumtafuta mwanamume aliyetuma watu waniombe.

Waseme watakavyo. Ingekuwa leo, ningekimbia tena.

Chanzo cha yote kilikuwa mbwa. Biskuti aliachwa kwetu na nesi mmoja wa misheni aliporudi kwao Ulaya. Alikuwa mdogo, wa kahawia, manyoya yamemfunika mpaka macho, hajui kulinda wala kuwinda. Baba yangu, Mzee Gabrieli, aliyefanya kazi ya udresa hospitalini, ya kufunga vidonda na kuchoma sindano, kwa miaka ishirini na miwili, alisema mbele za watu kuwa mbwa yule ni mzigo tu aliotwishwa. Lakini Biskuti alilala chini ya kiti cha baba na si kwingine, na siku moja nilimkuta baba anamweleza habari alizozisikia redioni, pole pole, kama mtu anayemweleza mgeni.

Tatizo lilikuwa kupe. Manyoya yale yalikuwa nyumba nzuri mno kwao. Walijaa masikioni, kwapani, katikati ya vidole, mpaka mbwa akakonda na kuanza kupepesuka. Hapo ndipo Antipasi Mughwai alipoingia nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza akiwa na ruhusa.

Nasema akiwa na ruhusa kwa sababu moyoni mwangu alikuwa ameshaingia zamani. Alikuwa kijana wa Ikungi, mrefu, mpole, mwenye vidole virefu ambavyo ng'ombe mkali alitulia akiguswa navyo. Alitibu mifugo kwa majani, mizizi na asali ya Rungwa, na kwa kuwa hakukataa kumtibu mbwa wala paka, watu walimwita Daktari wa Mbwa, na hawakulisema kwa sifa. Mama hakumtaka kwa sababu ni Mnyaturu na Mkatoliki. Baba hakumtaka kwa sababu ya mizizi.

"Mtu mzima anakanda mbwa mgongo," baba alisema. "Binti yangu nimpe mtu wa namna hiyo?"

"Mjaribu kwanza, baba," nilimwambia. "Mpe Biskuti."

Akaja. Nilidhani atatoa dawa apake aondoke. Wapi! Alikaa chini na mbwa saa nzima, anauliza maswali. Anakula nini? Analala wapi? Tangu yule nesi aondoke, anampenda nani hapa? Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Kijana, mgonjwa wangu mimi nilimwuliza kinamuuma wapi, basi, nikamchoma sindano."

"Ndiyo, mzee," Antipasi alijibu, mkono wake uko tumboni mwa Biskuti. "Lakini wako aliweza kukujibu. Huyu lazima nimuulize mwili mzima."

Alisema hivyo akaniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha maji. Ee Mungu wangu, yale macho! Hayakuwa na haraka hata kidogo.

Baba naye aliona. Akaacha kucheka.

"Nakupa wiki tatu," alisema. "Umesikia? Wiki tatu. Kupe wakiisha kwenye mbwa wangu, mshenga wako na aje, tutazungumza. Wasipoisha, njia ya Ikungi unaijua."

Basi kila siku ya nne Antipasi alileta majani ya utupa, akayatwanga, akayaloweka, akamwogesha Biskuti kwa maji yale, kisha akampaka shubiri iliyochanganywa na asali pale palipochubuka. Alimkataza mama kumpa makombo ya ugali peke yake, akataka achanganyiwe dagaa. Mbwa akaanza kunona. Lakini mimi sikuangalia kunona, niliangalia kupe. Ijumaa jioni, wiki ya tatu ikiisha na kesho yake ndiyo posa, nilimshika Biskuti nikampekua sikio. Walikuwepo. Saba, wamening'inia palepale, wanene kama punje za mbaazi.

Sikulala vizuri. Nilimwona baba ananyoosha kidole kwenye kupe mmoja tu, na maisha yangu yote yanaondoka na basi la kwenda Singida.

Asubuhi na mapema nikaenda kwenye josho la kijiji cha ujamaa. Nilimdanganya mhudumu kuwa nataka dawa kidogo kwa ajili ya mbuzi wawili wa mama. Akanimiminia kwenye kopo la Blue Band, akanionya, "Kijiko kimoja kwa debe zima, umesikia dada?" Nilisikia. Lakini nilikuwa na muda wa saa tatu tu, na mtu mwenye haraka huona kijiko kimoja ni kidogo. Nilitia robo kopo kwenye beseni moja la maji, nikamwogesha Biskuti nyuma ya banda la kuku, nikamsugua mpaka ngozi. Kisha nikalificha kopo chini ya kuni, nikaenda kuvaa gauni langu.

Mshenga, Mzee Philipo, alifika saa tatu na nusu. Nilisikia salamu, nikasikia kiti kinavutwa, nikasikia anakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kuanza kusema jambo kubwa. Kisha nikasikia kishindo, na baba akaita jina ambalo hakuwahi kuliita kwa sauti ile.

"Biskuti! Biskuti, vipi?"

Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Mbwa alikuwa sakafuni chini ya kiti cha baba, miguu inapiga hewa, povu limemjaa mdomoni, mwili wote unatetemeka. Mama alipiga yowe. Jirani yetu Ignas alitokea na rungu, anapiga kelele, "Kichaa hicho! Kichaa cha mbwa! Tokeni, nimmalize!"

"Ukimgusa mbwa wangu nitakugusa wewe," baba alisema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na suruali yake ya kanisani. "Mama Damari, lete maziwa. Amekula sumu. Lete maziwa upesi!"

Mimi nilijua sumu ile ni ipi. Niliinusa nikiwa mlangoni. Nikatupa mwiko na viatu, nikakimbia.

Antipasi alikuwa kwa fundi baiskeli, amekaa kwenye benchi na shati jeupe, anasubiri kama kila mchumba anavyosubiri, mbali, asionekane. Aliponiona alisimama, uso umempauka.

"Wamekataa?"

"Biskuti anakufa!"

Alichukua mfuko wake, akapanda baiskeli ya fundi bila hata kuomba, akanipakia nyuma. Mbele ya soko zima. Nilimkumbatia kiunoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na ninaona haya kusema kuwa hata katika hofu ile, moyo wangu uliruka kwa furaha.

Tulipoingia, baba alikuwa ameshainua kichwa cha mbwa, mama ameshika bakuli la maziwa.

"Mama, usimpe!" Antipasi alisema kwa nguvu. Kisha akakumbuka yuko wapi. "Shikamooni. Samahani, mzee. Maziwa hapana."

"Unasemaje?" Baba alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Mimi ni dresa, kijana. Maziwa yanaua sumu, hata mtoto anajua."

"Sumu nyingine labda. Hii inapenda mafuta, mzee. Maziwa yataipeleka ndani haraka zaidi. Nakuomba."

"Unaniomba nini katika nyumba yangu?"

Antipasi alipiga magoti upande wa pili wa mbwa. Akainamisha uso kwenye manyoya, akavuta pumzi. Nilimwona anaitambua ile harufu. Alinyanyua macho taratibu, akanitazama mimi, nimesimama pale na vumbi mpaka magotini. Alitazama mikono yangu. Akajua. Naapa alijua palepale, na hakusema neno.

"Maji," alisema. "Maji mengi, sabuni ya mche, na gunia. Na kelele zote ziishe, kila kelele inamletea degedege. Mzee, una mkasi?"

Baba alimnyooshea kidole. "Ni majani yako," alisema. "Wiki tatu unampaka mbwa wangu uchafu wako, leo ndio umemwingia. Umemwua mbele ya mshenga wako mwenyewe. Philipo, chukua kofia yako, ndugu yangu. Posa hakuna."

Antipasi alikuwa ameshaanza kumwaga maji. "Ndiyo, mzee," alisema. "Tutazungumza baadaye. Mkasi, tafadhali."

Ndiyo, mzee! Alisema ndiyo! Mtu aliyeacha kazi yake siku nzima kila siku ya nne, anatupiwa dhambi yangu mimi, anaipokea na kuendelea kusugua. Mzee Philipo akasimama, akakung'uta kofia yake. Kama ningenyamaza dakika moja zaidi angekuwa ameshatoka, na Antipasi angebaki mwuaji wa mbwa Kiomboi nzima, na mimi ningebaki msichana mwema.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, kwa sauti iliyonitisha mwenyewe.

"Baba, ni mimi! Nimemwogesha dawa ya josho asubuhi hii. Nilimdanganya mhudumu. Nimeificha chini ya kuni. Utupa hauna kosa. Ni mimi."

Mama akaangusha bakuli. Maziwa yalitapakaa mpaka kwenye viatu vya Mzee Philipo, na hakuna aliyehangaika kuyafuta.

"Kwa nini?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kupe walibaki saba. Ulisema lazima waishe. Niliogopa utamfukuza."

Baba alinyanyuka. Kisha aliingia chumbani, na nilifikiri anakwenda kuleta fimbo. Alirudi na kasha lake la bati la kazini, lile ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, akatoa mkasi wake wa udresa unaong'aa, akapiga magoti tena.

"Nikate wapi?" alimwuliza Antipasi.

"Manyoya yote, mzee. Yameinywa dawa. Yasibaki."

Wakafanya kazi. Mmoja anakata, mwingine anasugua na kumwagia, vifuko vya gunia mikononi. Mimi nilichota maji kisimani mara saba, kila ndoo nikiomba. Ignas, aliyekuja na rungu, aliishia kufukuza watu waliochungulia uani. Antipasi hakumshika Biskuti kama kitu. Alizungumza naye wakati wote, kwa sauti ya chini, Kinyaturu, na kila mara mwili ulipokakamaa alimwekea kiganja kifuani na kungoja mpaka upite. Mbwa alipoweza kumeza, alisaga mkaa, akaukoroga kwa maji, akamdondoshea kidogo kidogo pembeni mwa mdomo.

"Sasa apate giza na ukimya," alisema. "Na koti lako, mzee. Hilo ulilovaa, lenye harufu yako."

"Koti litamponya?" baba aliuliza, lakini alikuwa ameshalivua.

"Sijui. Ninachojua ni kwamba akiogopa atakufa upesi, na akikunusa wewe hataogopa."

Baba alimfunika Biskuti kwa koti lake la kanisani, akamlaza chini ya kiti chake, akafunga madirisha, akakaa juu ya kile kiti na kutulia. Mzee Philipo naye akakaa. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia abaki.

Nilimfuata Antipasi uani. Shati lake jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya tope. Alikuwa ananawa mikono, hanitazami, na kutonitazama kwake kuliniuma kuliko fimbo yoyote ya baba.

"Ulijuaje habari ya maziwa?" niliuliza, maana sikuwa na ujasiri wa kuuliza lingine.

"Nilikuwa mhudumu wa josho kule kwetu kabla ya haya. Nilikuwa na mbwa wangu. Nilimwogesha kama ulivyomwogesha wewe, kwa haraka kama yako, na alipoanguka nikamnywesha maziwa mimi mwenyewe." Alikung'uta maji mikononi. "Alikufa bakuli halijaisha. Ndiyo maana niliacha josho nikaenda kwa mjomba kujifunza majani. Josho ni zuri kwa ng'ombe, sikatai. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka."

"Nisamehe."

"Damari, ulikuwa tayari kuvuka mlima kunifuata. Uliniambia hivyo."

"Na bado niko tayari."

"Lakini dawa yangu hukuiamini." Sasa alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ninachokijua ni hicho tu. Sina shamba kubwa, sina cheo. Nina hiyo kazi. Watu wote wanacheka, na sijali. Nilidhani nyuma ya wale wote kuna mmoja asiyecheka."

"Sikucheka!"

"Hukucheka. Ulikwenda josho."

Nilitaka kulia, nikaona kulia ni rahisi mno. Nikamshika mkono, mkono wenye maji na sabuni, uani kwetu, mchana kweupe, mama akiwa dirishani.

"Nisikilize, Antipasi Mughwai. Niliogopa kukukosa, na hofu ikanifanya mjinga. Nakupenda. Nakupenda mpaka nikakosa akili. Nifundishe. Nionyeshe utupa unakochumwa, nionyeshe unavyotwangwa, nitatwanga mimi mpaka viganja vichubuke, na siku nyingine mtu akikucheka atanikuta mimi mlangoni. Lakini usinitazame hivyo tena. Siwezi."

Hakuutoa mkono wake. Hilo nililiona. Alifumbua mdomo aseme kitu, na mlango wa nyuma ukafunguka, baba akatoka.

"Ulijua ni yeye," baba alimwambia Antipasi. Halikuwa swali.

"Nilijua, mzee. Kwa harufu."

"Nikakutukana, nawe ukasema ndiyo mzee."

"Mbwa alikuwa anakufa. Kumtaja kungemsaidia nini?"

Baba aliguna. Aliingiza mkono katika mfuko wa suruali, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua. Ndani yake mlikuwa na kupe saba, wanene, wa kijivu.

"Hawa nimewakata pamoja na manyoya," aliniambia mimi. "Waangalie."

Nikawaangalia. Hakuna hata mmoja aliyesogeza mguu.

"Wamekauka. Hawakufa leo, hawa. Jana jioni nilipompekua walikuwa hivihivi, wamekufa wananing'inia tu. Kupe akifa haanguki siku hiyohiyo." Alikunja ile karatasi vizuri, kama mtu anayefunga dawa. "Miaka ishirini na miwili nimewachoma watu sindano, na sikujua majani yanaweza kitu hiki. Jana usiku nilimwambia mama yako. Nilimwambia, huyu kijana kesho tumpokee. Mwulize."

Nilitazama dirishani. Mama alitikisa kichwa kukubali, kisha akajifuta macho kwa khanga.

Sikujua nicheke au nizame ardhini. Tangu jana! Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka tangu jana, nikaamka alfajiri kwenda kukitia sumu.

"Nina binti mwenye miguu myepesi na akili nzito," baba alisema, akarudi ndani.

Antipasi alikuwa anatikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, kile cha mtu aliyechoka sana, na alipotulia alinikamata vidole vyote vitano.

"Utatwanga kweli?"

"Nitatwanga."

"Utupa unawasha ngozi."

"Na uwashe."

Kisha tukasikia. Sauti nyembamba kutoka ndani, ya mbwa anayelalamika kuwa ana kiu. Na juu yake kishindo cha kiti, na sauti ya baba yangu, kubwa, ya furaha, imesahau ukimya wote tulioagizwa.

"Amenyanyua kichwa! Ananitafuta mkono! Mkwe! Mkwe, njoo umwone!"

Antipasi akageuka kutazama nyuma yake, kwenye lango, kuona ni nani amekuja.

"Ni wewe," nikamwambia. "Nenda, unaitwa."